Uzi wa wakusanyaji wa bastola za zamani: ninazo tano, na moja nahisi nimepigwa

Suka wa Ohio

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa miaka, leo nami nimefungua uzi wangu.

Mwaka wa tisa huu niko Columbus, Ohio, naendesha lori la masafa marefu. Watu wa huku kila mtu na kaugonjwa kake. Mwenzangu wa kazini anakusanya kofia za besiboli. Jirani ana treni za kuchezea zimemaliza chumba kizima, mkewe keshachoka kulalamika. Mimi kaugonjwa kangu ni bastola za zamani. Kabla hamjanishukia: sitembei nazo kiunoni, na sijipigi nazo picha nikiwa kifua wazi.

Nilianza vibaya. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, na nilipokuwa na kadi ya kijani mkononi na mshahara wa kwanza wa maana, nikanunua tatu ndani ya miezi minne. Moja ya kisasa yenye fremu ya plastiki, iliyotumika, moja ya risasi ndogo za .22 ya kuchezea shabaha, na rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya Nagant ya Mrusi kwa sababu muuzaji alikuwa na maneno matamu. Zikakaa ndani ya sefu kama abiria wa daladala, hakuna anayemjua mwenzake.

Siku moja nilishusha mzigo Tulsa, Oklahoma, nikakuta ni wikiendi ya lile gulio lao kubwa la silaha, Wanenmacher, meza zaidi ya 4,000 chini ya paa moja. Mzee mmoja wa Kizungu pale mezani akaniuliza unakusanya nini. Nikamjibu bastola. Akacheka: "Hapo hujakusanya, umenunua tu." Ilinikera hadi nafika Missouri. Nilipofika nyumbani nikaziuza zote tatu.

Nikatafuta mstari wangu. Nimekulia Tanga, na nikiwa mtoto tulikuwa tunapita kwenye makaburi ya Wajerumani na Waingereza bila kujua ni ya nini. Nikajisemea, nitakusanya aina za bastola walizobeba maofisa wa majeshi manne yaliyopigana kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918: Mjerumani, Mwingereza, Mbelgiji na Mreno. Basi. Kitu kingine chochote hata kiwe bei ya kutupa, napita.

Kwa Mjerumani nina Luger P08, kiwanda cha DWM, juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, imepigwa mwaka 1916. Hii nimeichangia miaka miwili. Tarakimu mbili za mwisho za namba yake zinajirudia kwenye vipande vidogo vidogo, na zote zinalingana isipokuwa magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia mpinini. Magazini ni ya bastola nyingine. Ingelingana na hiyo, nisingeiweza bei.

Kwa Mbelgiji nina FN Browning ya 1900, risasi saba za milimita 7.65. Kinachonifurahisha ni kibao cha mpini: kimechorwa picha ya bastola yenyewe. Yaani unashika bastola, na chini ya kidole gumba kuna kabastola kadogo.

Kwa Mreno nina Savage ya 1907, imetengenezwa Utica, New York. Wareno walizoea Luger, vita vilipokata biashara na Ujerumani wakaagiza hizi kutoka Marekani. Yangu ni ya soko la kawaida, si ya mkataba wa Ureno, na sijifanyi vinginevyo. Haina skrubu hata moja. Vibao vya mpini vimebanwa tu kwenye chuma, na ukitia bisibisi kuvibandua umevivunja. Ndiyo maana nyingi sokoni zina nyufa pembeni.

Kwa Mwingereza ni Webley Mk VI, ile ya 1915 inayofunguka katikati kama bunduki ya kuwindia ndege. Nitaielezea mbele kwa sababu nayo ina mkasa.

Ya tano ndiyo iliyonileta hapa. Ni rivolva ya zamani ya jeshi la Ujerumani, Reichsrevolver M1883. Muuzaji alinionyesha chapa nyuma ya mpini, herufi za kikosi, akaniambia hii ilikuwa Afrika Mashariki, ilikuwepo kwenye mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914. Ndugu zangu, mtu wa Tanga ukiambiwa neno hilo mbele ya meza ya bastola, Oklahoma! Nikatoa pesa bila kuomba kupunguziwa. Nilipofika nyumbani nikaandika kikaratasi, "Tanga 1914", nikakiweka mbele yake.

Juzi nimeitazama kwa lenzi nikaona kitu sikukipenda. Chuma chote kuzunguka zile herufi kina vishimo vya kutu ya zamani, rangi ya kahawa. Ndani ya herufi ni pasafi. Pana weupe.

Wajuvi wa chuma, nimepigwa? Na kama nimepigwa, niiuze au nibaki nayo?

Kitasa

Nimevuta kiti. Chai na mihogo viko hapa.

Mkuu hiyo Browning 1900 si ndiyo iliyomuua yule mrithi wa Austria, vita vikaanza? Unacho kitu cha hatari sana kihistoria.

Bwana Shamba 88

Mleta mada hongera. Swali moja tu. Wanaotuma magari na friji kwa kontena kuja Dar, haiwezekani ukatia moja humo ndani ya mlango wa gari? Nina shamba Kilindi, nguruwe pori wananimaliza.

Suka wa Ohio

Bwana Shamba, usirudie hilo swali hata kwa utani. Kusafirisha silaha kutoka Marekani bila leseni ni kosa la shirikisho, huku ni jela ya miaka. Na ikifika bandarini huko ni kesi nyingine kabisa. Silaha hailipi ushuru kama friji, kaka. Sheria yenu ya udhibiti wa silaha na risasi ni ya 2015, anzia serikali ya mtaa na polisi wa wilaya yako, uombe kihalali. Na nguruwe pori humfukuzi kwa bastola ya mwaka 1900. Atakucheka.

Bwana Shamba 88

Nilikuwa natania mkuu 😅 ila nguruwe ni kweli.

Fundi Saa

Niko Pennsylvania, kazi yangu saa za mkono na za ukutani, bastola ni jioni tu. Mleta mada, nitakujibu polepole kwa sababu nimeona watu wengi wanaliwa hapo hapo.

Chapa ikipigwa kwenye chuma kipya, chuma na chapa vinazeeka pamoja. Kutu inaingia kote, inashuka hadi chini ya herufi. Ukingo wa herufi unalika kidogo, unakuwa mviringo, kwa sababu ya mikono na vitambaa vya miaka mia. Chapa ikipigwa juzi au jana kwenye chuma cha zamani, herufi inakata kishimo cha kutu katikati. Utaona kishimo kimoja, nusu kipo nje ya mstari, nusu kimefutwa. Na pembeni chuma kinakuwa kimenyanyuka, kama matope ukikanyaga. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukinasa, jiulize.

Tazama na mpangilio. Chapa za jeshi lao zilipigwa na fundi wa jeshi kwa utaratibu, mstari mmoja. Herufi zikiyumba kama meno ya mtoto, hilo nalo ni jibu.

Ila usichanganye mambo mawili. Chapa inaweza kuwa ya uongo na rivolva ikawa ya kweli. Angalia upande wa kushoto wa fremu kama kuna majina ya waliotengeneza, na mhuri wa taji wa wakaguzi. Hizo zikizeeka sawa na chuma chote, basi umenunua M1883 halali iliyopambwa uongo.

Kitasa, hapana. Ya Sarajevo, alikouawa mrithi huyo tarehe 28 Juni 1914, ilikuwa FN modeli ya 1910, na iko jumba la makumbusho ya kijeshi Vienna. Kosa hilo limeandikwa mahali pengi, usijilaumu. Ya 1900 ina mkasa wake mwingine: ndiyo aliyotumia Mkorea Ahn Jung-geun kumuua kiongozi wa Kijapani Ito Hirobumi, stesheni ya Harbin, China, mwaka 1909.

Kitasa

Nimekubali yaishe. Kumbe hii kitu ina wanazuoni.

Kijana wa Dallas

Wakuu mimi mgeni wa mambo haya, kadi ya kijani nimeipata Februari. Nikitaka kuanza kama mleta mada napitia wapi? Naogopa kuharibu makaratasi yangu.

Suka wa Ohio

Kuogopa makaratasi ni akili, dogo. Shika haya.

Kwa muuzaji mwenye leseni, bastola ni kuanzia miaka 21. Unajaza fomu 4473, wanapiga ukaguzi wa rekodi zako papo hapo. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, fomu itakutaka namba yako ya uhamiaji. Aliye kwenye viza ya muda, ya shule au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi, kuna vighairi vichache tu kama leseni ya uwindaji. Asije mtu akakudanganya kwamba utamnunulia yeye kwa jina lako. Hiyo inaitwa ununuzi wa kivuli, na kwa mgeni ni tiketi ya kurudi nyumbani baada ya kutoka ndani.

Kuna swali la bangi kwenye fomu. Vijana wengi wanateleza hapo. Hapa Ohio tumeipigia kura ikawa halali 2023, lakini fomu ni ya shirikisho na kwa shirikisho bado si halali. Ukitumia, ukaandika hutumii, umesema uongo kwenye karatasi ya serikali.

Ukishakomaa, ukaona kweli unapenda za zamani, kuna leseni ya mkusanyaji, wanaiita 03. Dola 30 kwa miaka mitatu. Inakuruhusu kupokea nyumbani silaha zilizofikisha miaka 50 hata kutoka jimbo jingine, bila kupita dukani. Sharti lake ni daftari. Kila kinachoingia na kinachotoka unakiandika: tarehe, kiwanda, namba, umekipata kwa nani, umempa nani. Na si leseni ya biashara. Ukianza kununua ili uuze, umeingia kwenye leseni nyingine.

Zilizotengenezwa 1898 kurudi nyuma, sheria ya shirikisho haizihesabu kuwa silaha, ni kama pambo. Hiyo Reichsrevolver yangu iko huko. Lakini majimbo yana yao. New York, bastola hata ya kukaa nyumbani tu unahitaji kibali. Texas wewe una nafuu.

Halafu kabla ya kununua bastola, nunua sefu. Mimi nilifanya kinyume, na bastola ya kwanza ililala wiki tatu ndani ya begi la safari juu ya kabati. Nikikumbuka naona aibu.

Binti Mvita

Hapo kwenye begi ndipo nilipotaka nami niingie. Kaka Suka, una watoto?

Mimi niko Minnesota, nina watatu, mdogo ana miaka mitano na hakuna kabati asilolifungua. Mume wangu alileta bastola nyumbani, moja tu, ya kujilinda, akaniambia ameificha. Nilimwuliza, umeificha kutoka kwa nani, kwa mimi nisiyeitafuta au kwa yule anayetafuta peremende usiku? Tukagombana wiki nzima. Sasa nyinyi mwazungumza vibao vya mpini na mhuri wa taji kama watu wazungumzavyo vikombe vya kahawa vya bibi. Kikombe hakiui.

Sisemi muache. Kakangu yuko Kenya, ana leseni yake ya bodi ya silaha, na hushindana shabaha pale Kirigiti, Kiambu. Najua kuna watu wastaarabu kwenye jambo hili. Nauliza tu, zalala wapi?

Suka wa Ohio

Dada, swali lako ni la haki. Ninao wawili, mmoja ana miaka kumi, mwingine saba.

Sefu iko chumba cha chini ya nyumba, imefungwa kwa boliti nne kwenye ukuta wa zege. Namba ya kufungulia anaijua mke wangu na mimi. Sina bastola yenye risasi nyumbani, hata moja. Risasi ziko kwenye kisanduku cha chuma, ghorofa nyingine, kufuli jingine, na ufunguo wake uko kwenye bunda langu la funguo za lori. Nikisafiri, unasafiri nami.

Nikizitoa kuzipaka mafuta, watoto wanaweza kuja kuangalia. Sijawazuia, kwa sababu kilichofichwa ndicho kinachotafutwa. Lakini kuna utaratibu: kabla mtu hajagusa, mimi nafungua, natazama chemba, natia kidole. Halafu nampa mkubwa naye atazame atie kidole. Hata kama nimeitia sefuni mwenyewe jana. Mdogo ana kazi ya kusema kwa sauti "tupu". Anaipenda kazi hiyo kuliko bastola zenyewe.

Luger kwa mfano ina hila. Ukiitenganisha sehemu ya juu na mpini, watu wanadhani imeshakuwa vyuma tu. Kumbe kile kipande kinachoshikilia pini ya kupigia risasi kiko ubavuni mwa sehemu ya juu. Kama kuna risasi chembani, ukikibonyeza, inalia. Bila triga, bila mpini. Watu wameumia hivyo kwa miaka mia.

Binti Mvita

"Tupu" nimeipenda. Nitamsomesha mume wangu huu uzi, ila nitaruka pale pa bei.

Fundi Saa

Nami nikazie moja kwa wageni: chumba cha chini ya nyumba kina unyevu. Mleta mada, unaweka nini ndani ya sefu?

Suka wa Ohio

Vipakiti vya kunyonya unyevu, navibadilisha kila nikirudi safari ndefu. Nilijifunza kwa machozi, fundi.

Luger niliinunua pamoja na ala yake ya ngozi, nzuri, ina mfuko wa magazini ya akiba pembeni. Nikaona ndivyo inavyopaswa kukaa. Nikaifunga ndani ya ala, nikaiweka, nikaondoka. Kiangazi cha Ohio ni joto na jasho kama Pangani. Niliporudi mwezi wa nane nikaifungua ala, inatoa harufu ya ngozi tu, raha. Nikavuta bastola. Ubavu wa kulia, pale ngozi ilipogusa, kuna vidoa vyekundu vidogo kama upele wa joto. Nilikaa chini.

Ngozi inashika maji, na dawa za kuitengenezea ngozi zinakula chuma. Kila mzee wa kazi hii analijua hilo, mimi nililijua kwa dola mia kadhaa za thamani iliyopotea. Nilisugua kwa mafuta na kitambaa cha pamba tu, sikutia msasa. Vidoa viwili vimeacha alama. Sasa ala inakaa rafu ya juu, bastola rafu ya chini, kama wachumba kabla ya ndoa.

Fundi Saa

Hukutia msasa, hongera. Asilimia kubwa ya bastola nilizoona zimeharibika, hazikuharibiwa na kutu. Ziliharibiwa na mtu aliyetaka zing'ae. Ikishapakwa rangi mpya, wakusanyaji wanaiacha mezani. Kwenye Luger unajua mara moja: triga na vipande vidogo vya wakati huo vina rangi ya manjano ya majani makavu. Ukiviona vimekuwa vyeusi kama vingine, ujue imepita kwa fundi.

Ukimaliza mafuta, paka nta kidogo, ile inayotumika majumba ya makumbusho. Jasho la vidole lina chumvi, alama ya gumba leo ni kutu ya mwezi ujao.

Kitasa

Mkasa wa Webley mkuu, umeruka.

Suka wa Ohio

Ah, ndiyo.

Webley Mk VI ilitengenezwa kwa risasi yake, .455. Risasi hiyo Marekani ni adimu. Kwa hiyo nyingi zilizoingizwa huku, silinda ilichongwa nyuma kidogo ili zikubali .45 ACP, risasi ya bastola ya jeshi la Marekani, ikishikwa na kibati chembamba chenye umbo la mwezi. Yangu imechongwa. Niliinunua dukani, fomu kama kawaida, na kijana wa dukani akanifungia boksi la .45 akiniambia "inapiga hizi vizuri tu".

Nikaenda uwanja wa shabaha. Nimeshapanga sita. Mzee aliyekuwa anasimamia mstari akanisogelea, akatazama boksi langu, akanishika mkono kabla sijainua. Akaniambia fungua, toa. Kumbe .45 ACP ya kiwandani ina shinikizo kubwa kuliko ile rivolva ilivyopimwa. Inaingia, ndiyo. Inalia, ndiyo. Lakini kila ukipiga unaitwisha silinda yenye umri wa miaka mia kitu ambacho haikuzaliwa nacho, na zipo zilizopasuka. Kuingia si kuenea, wakuu.

Sijaipiga hadi leo. Mzee yule aliniuzia soda ya dola moja na nusu, nikamwachia tano.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma uzi wote toka juu. Niko Tabora. Mkusanyiko wa huyu kijana una mantiki, na aina alizozichagua zinafaa. Nina neno moja tu.

Mwaka 1916, tarehe 19 Septemba, Wabelgiji waliingia mji huu kutoka Kongo. Ofisa wa Kibelgiji huenda alikuwa na hiyo Browning yako kiunoni. Lakini waliouteka mji walikuwa askari wa Kikongo, na walioutetea wengi walikuwa askari weusi wa Mjerumani. Hao hawakubeba bastola. Bastola ilikuwa ya bwana mkubwa. Tanga yako ya 1914, makampuni mengi ya askari yalikuwa na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, kila ukipiga moshi unakutangaza ulipo. Nenda Dar kaitazame Sanamu ya Askari, imesimama pale tangu 1927. Ameshika nini? Bunduki yenye singe.

Na chini ya askari alikuwepo mpagazi. Huyo hakushika hata bunduki. Alibeba risasi, unga na mzigo wa ofisa, pengine na hiyo ala ya ngozi unayoisimulia. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Watu wanauza mitumba juu ya jina hilo kila siku.

Kwa hiyo unaposema umekusanya vita vya kwetu, umekusanya viuno vya mabwana. Si kosa. Ila kiseme hivyo.

Kitasa

Mwalimu kapita na darasa zima 🙌🏾

Suka wa Ohio

Shikamoo mwalimu.

Nimekaa na maneno yako siku tatu, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilikuwa njiani, Indiana, Illinois, Iowa, barabara imenyooka mtu huna kazi ila kuwaza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema babu yake "alikwenda karia koo akarudi hana meno". Utoto tulicheka. Nilidhani Kariakoo sokoni, kwamba alipigwa na vibaka. Nimeielewa sentensi hiyo juzi, kwenye stesheni ya mafuta, kwa sababu ya posti yako.

Kuhusu rivolva. Nimefanya alivyoelekeza Fundi Saa. Chini ya lenzi kuna kishimo kimoja cha kutu kimekatwa katikati na mguu wa herufi, nusu ndani nusu nje, kama alivyosema. Ukucha unanasa. Upande wa kushoto majina ya watengenezaji wa mji wa Suhl yapo, yamezeeka vizuri, na taji lipo. Kwa hiyo ni M1883 ya kweli yenye uongo mgongoni. Nilipigwa, na aliyenipiga ni kile kikaratasi nilichokuwa nimeshakiandika kichwani kabla sijafika kwenye meza.

Siiuzi. Nikiiuza nikasema kweli, sirudishi hata nusu. Nikinyamaza, nakuwa yule yule muuzaji. Ibaki. Kwenye daftari nimeandika chapa ni ya baadaye, ili hata nikifa watoto wasije wakamuuzia mtu Tanga yangu.

Kile kikaratasi nimekitoa. Kipya kinasema: "Suhl, Ujerumani. Ilikokwenda haijulikani." Na pembeni ya Browning na Webley nimeandika vingine, mstari mmoja mmoja: ya ofisa. Mwalimu, kwa ruhusa yako, rafu ya juu ilipo ile ala ya ngozi nimeandika: "Alibeba mpagazi."

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Ruhusa unayo. Jina la babu yake bibi yako unalijua?

Suka wa Ohio

Nampigia mama Jumapili, nitauliza.

Binti Mvita

Nasi twasubiri hiyo Jumapili.

Kijana wa Dallas

Nimenunua sefu. Bastola bado. Sefu tu.

Fundi Saa

Umeanza vizuri kuliko sisi sote.

Bwana Shamba 88

Mleta mada, uzi wa posti zote hizi na picha hakuna hata moja? Tutajuaje si chai?

Suka wa Ohio

Picha Jumatatu mkuu. Niko Amarillo na mzigo wa matairi, sefu iko Columbus, na ufunguo wa kisanduku ninao mfukoni.